Karakana Isiyotaka Kuta

Mama aliingia wa mwisho. Alikuwa amekikumbatia kichwa cha cherehani yake kwa mikono miwili, akasimama katikati ya mlango, akatazama kulia, akatazama kushoto. Wenzake kumi na watano walikuwa wameshatangulia, wameshakaa, wameshatia uzi kwenye sindano. Yeye hakumwona hata mmoja. Alichoona ni kuta. Kuta nyeupe zinazonuka rangi mbichi, zimepanda kupita utosi wa mtu, zimeikatakata karakana vijumba vijumba kama trei ya mayai.

Akaweka cherehani chini. Akaniuliza kwa mikono, "Watu wako wapi?"

"Wapo ndani," nikamjibu. "Kila mtu na chumba chake."

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Akauliza, "Ulijua?"

Na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mwenye watoto wawili na akili zangu timamu, nikamjibu vilevile nilivyozoea kumjibu tangu nina miaka sita. Nikamwambia, "Baadaye nitakueleza."

Hapo ndipo ninapojichukia. Kuna wengine nitakaowachukia pia, tulieni, wapo wanaostahili na zamu yao inakuja. Lakini ukweli usemwe, naanza na mimi.

Mama yangu ni kiziwi. Wote kumi na sita wa karakana ile ni viziwi, na kazi yao ni kushona sare za shule. Mimi nasikia. Kazi yangu ni kukata vitambaa, na juu ya hiyo nina kazi ya pili ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza kama naitaka: mteja akija, simu ikilia, afisa akibisha, mimi ndiye ninayeongea. Viziwi hawamwiti mtu kwa jina la cheti. Wanakupa ishara yako, na ukishapewa umepewa. Yangu ni kidole kimoja kugusa midomo. Mdomo. Ndivyo ninavyoitwa.

Sasa watu wakisikia habari hizi hudhani viziwi wale walifika pale na lugha yao mfukoni, tayari imekunjwa vizuri. Wapi! Walipokusanywa miaka arobaini na kitu iliyopita, walikuwa wanne tu, kila mmoja kutoka kwao, na kila mmoja na ishara za kwao. Mama alikuwa na ishara yake ya maji. Mzee Kola, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna anayemfikia kwa kushona kola, alikuwa na ya kwake. Dada wa Vifungo hakuwa na ishara yoyote ya kitu chochote, maana kwao walimfungia chumbani mpaka akafika miaka ishirini, wakiona aibu wageni wasimwone. Hata leo nikilikumbuka hilo damu inanichemka, na wazazi wake wenyewe wameshakufa.

Mwaka wa kwanza waligombana kila siku. Mama anasema ishara ya kwanza waliyokubaliana wote wanne ilikuwa ya mkasi, kwa sababu mkasi ulikuwa mmoja. Ya pili ilikuwa ya bosi wa wakati ule, na hiyo sitaieleza mbele za watu. Kutoka hapo wakaendelea. Jumanne ikawa ishara ya kubeba jora begani, kwa sababu majora yaliletwa Jumanne. Kuchoka ikawa mguu unaoacha kukanyaga pedali. Wakaja viziwi wengine, wakaikuta lugha, wakaiongezea. Miaka kumi baadaye walikuwa wanaweza kuelezana ndoto, kukopeshana, kutongozana na kusengenya. Na niamini mimi, hujaona usengenyaji mpaka umeona mtu anasengenywa huku yeye mwenyewe amesimama hapohapo akitabasamu.

Lugha ya namna hiyo inataka kuonekana. Ya midomo inapita kwenye tundu la ufunguo; ya mikono ukiiwekea ukuta umeiua. Kwa hiyo wao wenyewe, kwa nyundo ya kuazima, walivunja kuta za ndani za lile jengo, moja leo, nyingine miaka mitatu baadaye, mpaka pakabaki ukumbi mmoja. Meza wakazipanga nusu duara. Sakafu wakaweka ya mbao, kusudi ukipiga mguu mwenzako apate mtikisiko kwenye unyayo na kugeuka. Mpiga pasi, ambaye kazi inamlazimu awape wenzake mgongo, wakamtundikia kioo mbele yake.

Halafu mambo yakatoka nje. Kinyozi wa jirani, aliyekulia mlangoni petu na kuongea kwa mikono kabla hajajua kufunga kamba za viatu, alihamisha kioo chake kikubwa akakigeuzia barabarani ili aliye kitini aweze kuongea na aliye karakanani. Seremala alikata uzio wake ukabaki kifuani. Wauza duka wakasogeza meza zao nyuma hatua moja, maana watu wawili wanaoongea kwa mikono hawatembei kwa kufuatana, wanatembea ubavu kwa ubavu, na viwiko vinahitaji nafasi. Hakuna aliyetoa amri. Mtaa ulijipanga wenyewe kufuata mazungumzo ya watu kumi na sita. Mgeni akipita kwetu husema tu, mbona hapa kuna hewa, na hajui kwa nini.

Basi akaja Mtaalamu.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji tukaugua. Alitumwa na shirika moja la ufadhili, kijana nadhifu, miwani kila dakika anaipandisha puani kwa kidole, na kabla hajamaliza chai yake ya kwanza viziwi walikuwa wameshampa jina: Miwani. Alikagua paa, akasikitika. Kweli paa lilikuwa linavuja. Mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha vitambaa kama watu waliovamiwa. Alikagua sakafu, akasema mbao ni hatari ya moto. Akakagua meza, akauliza kwa nini wafanyakazi wanatazamana badala ya kumtazama msimamizi. Nikamwambia ndivyo wanavyoongea. Akaandika kitu kwenye daftari. Nilikisoma kichwa chini miguu juu: "Usumbufu mwingi kazini."

Aliitisha kikao. Viziwi wote wakakaa, Mtaalamu akasimama mbele na michoro yake, mimi ubavuni kwake. Akaongea saa mbili. Jamani, saa mbili! Uboreshaji wa mazingira, ufanisi, faragha ya mfanyakazi, viwango. Mwanzoni nilikuwa nafasiri kila kitu. Baada ya dakika ishirini mikono ikaanza kuniuma na nikaanza kufupisha. Nikawaambia: paa jipya. Sakafu mpya. Cherehani mpya kumi. Wakafurahi, wakapungiana viganja hewani. Mtaalamu akafunua mchoro wa tatu, ule wa vyumba, akaongea robo saa nzima. Mama akaniuliza, "Hapo anasema nini?" Nikamwambia, "Mambo ya mpangilio. Baadaye nitakueleza."

Mtaalamu akanigeukia. "Wameafiki vyumba binafsi?"

Nisidanganye kwamba sikuelewa mchoro. Nimekata vitambaa miaka kumi na tisa, mstari kwenye karatasi naujua. Niliona ile mistari ni kuta. Nikajiambia watazoea, mbona maofisini watu wanakaa vyumbani na hawafi. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na njaa, na yule kijana alikuwa ameniita "mratibu wetu" mara nne mbele za watu, kichwa kikavimba. Sikugeuka hata kuwatazama. Nikasema, "Wameafiki." Akanipa kalamu nikatia saini. Kwa niaba ya mafundi kumi na sita, Mdomo.

Tukahamia kwenye bohari la seremala wiki nne, mafundi ujenzi wakafanya yao. Na siku ya kurudi ndiyo hiyo niliyoanza nayo, mama mlangoni akiuliza watu wako wapi.

Wiki mbili zilizofuata sitaki kuzisimulia, lakini nitazisimulia. Siku ya tatu shule moja ilipiga simu saa tatu asubuhi: mashati yawe ya mikono mifupi, si mirefu. Zamani ujumbe huo ungechukua muda wa kupiga mguu mmoja sakafuni. Watu kumi na sita wangeinua vichwa, ningesema mara moja, basi. Safari hii nilizunguka chumba hadi chumba, nikiingiza kichwa, nikimgusa mtu bega, nikisema yaleyale. Nilipofika wa tano simu ikalia tena. Nikasahau nilipoishia. Hadi saa ya chakula mashati sabini yalikuwa yameshonwa mikono mirefu. Mtaalamu alipopita jioni akayatazama, akapandisha miwani, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Hawa wenzetu umakini wao ni mdogo. Ndiyo maana tunaleta mwalimu awafundishe lugha ya alama iliyo sanifu."

Nilitaka kumrushia pasi. Badala yake nikasema, "Sawa, bosi." Sikiliza mtu alivyo. Sawa, bosi.

Kilichovunja yote ni siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimetoka kununua uzi. Niliporudi, tangu barabarani nilisikia kishindo: mtu anapiga kitu, anapumzika, anapiga tena. Nikadhani ni mafundi bomba. Nilipoingia karakana ilikuwa imetulia kabisa, kila mtu chumbani mwake anashona, mashine zinaunguruma, na kishindo kinatoka chumba cha mwisho. Nikakimbia. Dada wa Vifungo alikuwa amekaa chini, kizunguzungu hakimruhusu kuinuka, sindano ya mashine imekatikia ndani ya kidole chake cha shahada, damu imelowa mpaka kwenye sketi za watoto wa shule. Alikuwa anapiga mguu sakafuni. Alikuwa amepiga mguu kama walivyopiga miaka arobaini, na sakafu ya zege haikumpelekea mtu habari yoyote. Alipochoka mguu akaanza kupiga ukuta kwa kiganja cha mkono mzima. Mzee Kola alikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, umbali wa mkono mmoja, anashona kola yake.

Hakulia alipotolewa sindano pale zahanati. Nilimuuliza alikuwa amekaa vile muda gani. Akaniambia kwa mkono uliobaki, "Muda wa kujaza kibegi kimoja cha vifungo." Hiyo ni zaidi ya nusu saa. Halafu akasema jambo jingine, kwamba hakuogopa damu, aliogopa chumba.

Niliporudi kutoka zahanati, mama hakuwepo kazini. Droo ya ofisi ilikuwa wazi. Karatasi ya makubaliano haikuwemo. Mama anasoma kidogo tu, anajua kusoma tarakimu, vipimo na majina ya watu. Lakini jina langu analijua. Alikuwa ameichukua ile karatasi na kuvuka barabara kwenda kwa kinyozi. Kwa kinyozi, si kwangu. Kinyozi alimwacha mteja na sabuni kidevuni, akamsomea neno kwa neno, mstari kwa mstari, na palipokuwa na neno gumu akamuuliza mteja mwenye sabuni. Haya nilikuja kuyajua baadaye.

Jioni nilimkuta jikoni kwake. Karatasi ilikuwa mezani, imewekewa chupa ya mafuta juu isipeperuke. Hakunikaribisha.

"Kinyozi amenisomea," akasema. Mama akikasirika ishara zake huwa ndogo, karibu na kifua, inabidi usogee ndipo uzione. "Hapa pameandikwa tumekubali vyumba. Nani alikubali?"

"Mama, siku ile mambo yalikuwa mengi."

"Sikuuliza yalikuwa mangapi."

"Nilijua mtazoea. Paa lilikuwa linavuja. Kama tungekataa vyumba wangeondoka na paa lao."

"Huenda. Na mimi huenda ningesema bora paa livuje. Huenda ningesema sawa, leteni kuta. Hujui. Hata mimi sijui, kwa sababu hukuniuliza."

Hapo na mimi nikapandwa. Niseme tu, nilipandwa kwelikweli. Nikamwambia nani aliniuliza mimi kama nataka kuwa mdomo wa mtu. Nikamwambia nimemfasiria tangu sijang'oka meno ya utoto, sokoni, benki, msibani, shuleni kwangu mwenyewe siku mwalimu alipomwita anishtaki, hata kwenye ugomvi wake na shemeji zake nilisimama katikati nikitukana watu wazima kwa niaba yake nina miaka tisa. Nikamwambia nimechoka.

Aliniacha nimalize. Mama hamkati mtu mikono.

"Daktari aliponiita kuhusu baba yako," akasema, "ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Daktari aliongea muda mrefu. Nikaona uso wake, nikakuuliza anasema nini. Ukaniambia anasema baba apumzike. Nikampeleka nyumbani akapumzike. Nilikuwa nashona, nikamwacha peke yake chumbani siku nzima, maana nilijua anapumzika. Siku ya nne akafa. Sikumuaga. Nilikusamehe siku ileile, kwa sababu ulikuwa mtoto, na lile neno lilikuwa kubwa kuliko mikono yako. Sasa una miaka thelathini na minane. Nikusamehe kama nani?"

Sikujua kwamba anajua. Miaka ishirini na saba tumekula meza moja, na mimi sikujua kwamba anajua.

"Ungesema umechoka," akasema. "Ungesimama kwenye kikao kile ukasema, mimi nimechoka, tafuteni mtu mwingine. Ningekuheshimu. Lakini hukusema wewe umechoka. Ulisema mimi nimekubali."

Akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Akaniambia Jumamosi kuna sherehe ya ufunguzi, na kwamba nitafasiri kama kawaida, na kwamba safari hii atakuwa anatazama.

Jumamosi viti vilipangwa nje, mbele ya karakana. Alikuja mkurugenzi wa shirika, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, wakaja wageni, wakaja wapiga picha. Mtaa wote ulikuwepo. Viziwi walikaa safu ya mbele, Dada wa Vifungo na bandeji yake. Kinyozi alisimama pembeni, kikoti cha kazi hajavua.

Mtaalamu akashika kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikufupisha. Aliposema mashujaa wetu wenye changamoto, nikafasiri. Aliposema tumewatoa kwenye banda tumewapa hadhi, nikafasiri. Aliposema kuanzia mwezi ujao watafundishwa lugha kamili waachane na vijiishara vyao vya mtaani, mikono yangu ilikataa kidogo, lakini nikafasiri, pamoja na ule mcheko mdogo alioutia kwenye "vijiishara". Niliona nyuso kumi na sita zinabadilika moja baada ya nyingine. Mzee Kola alikunja mikono kwapani, na kiziwi akikunja mikono kwapani ujue amefunga mlango kwa ufunguo.

Mtaalamu akaninong'oneza, "Fupisha kidogo, muda umekwenda."

"Siwezi," nikamwambia. Neno hilo lilinichelewa miezi miwili.

Ndipo mama aliposimama. Hakuitwa. Alipanda kile kijukwaa kwa viatu vyake vya kazini, akasimama mahali ambapo safu zote zingemwona. Mtaalamu akatabasamu kwa wapiga picha. "Aa, anataka kutoa neno la shukrani," akasema.

Lazima mjue kitu kimoja kuhusu kufasiri. Mfasiri hasemi "anasema kwamba." Kiziwi akisema mimi, na wewe unasema mimi. Sauti ni yako lakini mtu ni yeye. Mama alinitazama mara moja tu, akaanza, na mimi nikafungua mdomo.

"Naitwa fundi," nikasema kwa ajili yake. "Nimeshona hapa miaka arobaini na miwili. Asanteni kwa paa."

Watu wakapiga makofi. Mama akawangoja.

"Tulipofika hapa hatukuwa na lugha. Tuliitengeneza, kwa mikono hii, tukiwa kazini. Halafu tukaitengenezea nyumba. Tulivunja kuta nne ili tuonane. Nyie mmejenga kumi na tano. Juzi dada yetu alidungwa na sindano akapiga mguu nusu saa, mimi nikiwa hatua sita kutoka kwake, nashona. Sikumwona. Mmenifanya kiziwi. Kabla ya hapo sikuwa kiziwi humu ndani."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtaalamu alinisogelea akasema kwa meno yaliyofungwa, "Waambie tutalizungumza ofisini." Nikamgeuzia mgongo. Mama alikuwa anaendelea.

"Karatasi inasema tulikubali. Hatukukubali. Hatukuulizwa." Alinyoosha mkono, akanielekezea kidole mbele ya watu wote. "Binti yangu, huyu mnayemsikia, alisema uongo."

Mikono ya mama ilikuwa imeshatua, inangoja. Nilijua namna kumi za kusema jambo lile. Kulitokea kutoelewana. Tafsiri haikukaa sawa. Nilikuwa na uzoefu wa miaka thelathini na miwili wa kuyalainisha maneno kama hayo, ningeyalainisha kabla mtu hajapepesa jicho, na wageni wangeondoka wakisema binti yule ana busara. Wanangu walikuwa wamekaa safu ya nne. Mkurugenzi alikuwa ananitazama mdomoni. Mama pia alikuwa ananitazama mdomoni.

"Binti yangu," nikasema kwenye kipaza sauti, "huyu mnayemsikia, alisema uongo."

"Alikuwa mdomo wangu, akaniuza," mikono ya mama ikaendelea.

"Alikuwa mdomo wangu," nikasema, "akaniuza."

"Simlaumu peke yake. Nyie mliona watu kumi na sita wamekaa mbele yenu, wana macho, wana vichwa, mkamuuliza mmoja kwa sababu ana masikio. Mlitaka jibu la haraka, akawapa. Kuta zishuke. Sakafu ya mbao irudi. Mwalimu wenu akija, aje akae nasi ajifunze kwanza, halafu tuone nani anamfundisha nani. Hamtaki, tunabeba cherehani zetu za zamani leo hii. Hizo mpya bakini nazo."

Niliyasema yote. Mkurugenzi akainuka kitini, akamsogeza Mtaalamu pembeni kwa kumgusa tu kiwiko. Alikuwa mwekundu wa aibu au wa hasira, sijui. Akaniambia, "Naomba nimjibu yeye, si wewe." Nikamwambia amtazame yeye basi, asinitazame mimi. Akageuka.

Lakini mama hakuwa tayari kujibiwa. Aligeukia pembeni, alipokuwa amesimama kinyozi, akamuuliza kwa mikono, juu kabisa, mtaa mzima ukiona. Wanaojua ishara walielewa, na kwetu wanaojua ni wengi.

"Amesema yote?"

Kinyozi alinitazama mimi kwanza. Tumecheza naye utotoni, tumegawana viatu. Akamrudia mama, akajibu, "Yote."

Mkurugenzi akaanza kuongea. Alisema kuta zitashushwa, alisema lini, alisema mengine ya sakafu na ya mwalimu. Nilifasiri neno kwa neno, taratibu, bila kupunguza. Na kila nilipofika mwisho wa sentensi, mama alimtazama kinyozi kwanza. Kinyozi akiitikia kwa kichwa, ndipo aliponiruhusu niendelee.